Mario Alionyeshwa Shimo, Sisi Je?



Mimi niko nyumbani Mbozi Mission, likizo. Wiki tatu zilizopita, Jumanne jioni, mdogo wangu wa darasa la sita aliingia ndani analia. Nikajua kapigwa njiani. Namuuliza nani kakugusa, ananijibu, "Dada, wamebeba gemu."

Nikatoka kwenda kuona. Banda la gemu lilikuwa wazi, mabenchi yapo, waya zinaning'inia ukutani, televisheni hazipo. Mwenye banda ni kijana niliyesoma naye shule ya msingi, alinitangulia madarasa mawili. Akanisimulia. Walikuja watu watatu na gari, wakamwambia anavunja sheria, wakabeba televisheni mbili, mashine na pedi zote. Akauliza ni sheria ipi, akaambiwa aje ofisini kesho. Kesho yake akaenda, akaambiwa alipe faini ya shilingi 50,000. Akauliza tena sheria ipi. Akajibiwa, "Wewe unataka vitu vyako au unataka sheria?" Akalipa. Akaomba risiti, akaambiwa mtandao unasumbua. Televisheni moja imerudi nzima, ya pili imerudi kioo kimepasuka.

Sitaji ofisi wala mtu. Barua yetu ya kuuliza bado iko mezani kwao, na mimi chuoni nafundishwa kwamba upande wa pili nao usikilizwe kabla hujahukumu. Ila hilo jibu la "unataka vitu vyako au unataka sheria" limenikaa kichwani mpaka leo, na ndilo limeniketisha niandike.

Najua wapo watakaosema nchi ina mambo mazito, huyu dada anatuletea habari za Mario. Nivumilieni kidogo. Mimi sheria sikuanza kujifunza chuoni. Nilianza kujifunza kwenye lile banda, kwa shilingi mia moja, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa shimo.

Shule ya shilingi mia

Nilipokuwa darasa la nne banda lilikuwa la mzee mmoja mpole sana. Lilikuwa na mashine ya kuchomeka kaseti za njano, zile zilizoandikwa nje kwamba ndani kuna gemu 999, halafu ukizipitia unakuta ni chache tu zinajirudia majina. Hatukujali. Sisi tulikuwa na Mario, Contra na vile vifaru, basi. Mia moja inakupa laifu tatu za Mario. Zikiisha unampisha mwenzio.

Sasa mimi mia moja niliipata mara moja kwa wiki, ikizidi sana mara mbili. Wasichana tulikuwa wawili tu, na tukikosea tunapigiwa kelele tuachie pedi. Kwa hiyo siku nyingi nilikuwa nakaa kwenye benchi naangalia wenzangu wanavyokufa. Naangalia kweli kweli. Huyu kafa kwenye shimo la kwanza kwa sababu karuka mapema. Yule kaliwa na lile ua lenye meno linalotoka kwenye bomba. Mwingine kafika kwenye ngome, kaunguzwa na fimbo ya moto inayozunguka. Zamu yangu ikifika, laifu zangu ni tatu kama za wote, ila kichwani nina vifo vya watu kumi.

Chuoni, mwaka wa kwanza, mhadhiri alipotufundisha habari ya kesi zilizotangulia, kwamba mahakama ikishaamua jambo basi jambo linalofanana nalo liamuliwe vile vile, nilicheka peke yangu. Nikasema hii si ndiyo benchi la banda la gemu? Mtu unajifunza kwa aliyetangulia kuanguka.

Lakini tazameni sharti lake. Ile elimu ya benchi ilifanya kazi kwa sababu moja tu: shimo lililomuua mwenzangu lilikuwa pale pale zamu yangu ilipofika. Halikuhama. Halikuwa na ndugu yake wa kumpitisha. Shimo likihamahama, benchi halina faida, kila mtu ataanguka upya kwa hela yake. Na hapo atakayeumia zaidi si yule mtoto wa mwenye duka anayekuja na elfu mbili mfukoni. Huyo ataanguka mara ishirini, atanunua tena. Atakayeumia ni mwenye mia moja.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, mengine yote ni maelezo yake. Kizuizi hata kikiwa kikali, kama kinajulikana, maskini anaweza kukipita. Kizuizi kinachofichwa na kubadilishwa kinamwachia njia mwenye laifu nyingi peke yake.

Waliotengeneza mitego walikuwa na sheria zao

Tangu nianze kusoma sheria nimekuwa nazirudia hizi gemu za zamani kwenye simu na kwenye laptopu ya rafiki, nikiangalia mitego yake kwa jicho lingine. Niwaambie nilichokiona.

Anzeni na Donkey Kong ya mwaka 1981, kazi ya Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo. Ndiyo gemu iliyomleta yule jamaa ambaye baadaye tulimjua kama Mario. Sokwe yuko juu, anaviringisha mapipa, wewe uko chini unapanda ngazi. Mapipa yanaua. Mengine yanashuka na ngazi uliyomo. Lakini sokwe yuko pale pale mbele ya macho yako. Unamwona anayekurushia, unaona anavyonyanyua pipa, unajua linatoka upande gani.

Njoo Pitfall! ya 1982, aliyoitengeneza David Crane. Jamaa anakimbia msituni, kuna magogo yanabiringika, kuna mashimo, kuna mamba kwenye dimbwi. Gogo likikupiga unapoteza pointi. Mamba akikukamata unapoteza uhai. Ukimsoma vizuri mamba unaweza hata kumkanyaga kichwani akiwa amefunga mdomo ukavuka. Mimi hapo naona kanuni nzima ya adhabu: kosa dogo, hasara ndogo, kosa kubwa, hasara kubwa. Hakuna mtu aliyekufa kwa sababu ya gogo.

Mario wetu wa 1985 ndiye bingwa wa yote. Tazama steji ya kwanza kabisa. Kuna mahali unakutana na ngazi mbili zinazotazamana, katikati kuna ardhi. Ukiruka ukakosea, unaangukia ardhini, unapanda tena. Ukivuka hapo tu, zinakuja ngazi mbili zinazofanana na zile, ila safari hii katikati ni shimo. Yaani walikupa mazoezi kwanza, ndipo wakakupa mtihani. Na lile ua la kwenye bomba: ukisimama juu ya bomba, au ukiwa umelisogelea ubavuni, halitoki. Kwa nini? Kwa sababu lingetoka hapo ungekufa bila kosa lolote, bila nafasi ya kuliona. Hata mmea wa kwenye gemu una mipaka ya mamlaka yake.

Kuna Prince of Persia ya Jordan Mechner, ya 1989. Hii ina miiba inayochomoka sakafuni. Ukikimbia inakutoboa, umekwisha. Ukitembea hatua moja moja, unapita katikati yake salama. Vigae vilivyolegea vinatikisika na kulia kabla havijaanguka nawe. Hii gemu inakupa saa moja tu, dakika 60, na bado ndani ya haraka hiyo imekuwekea njia ya mtu mwangalifu.

Na Sonic wa 1991. Ukiwa chini ya maji pumzi inakuisha. Lakini kabla hujazama, muziki unabadilika, unaanza kwenda mbio, namba zinahesabu kushuka. Hiyo ndiyo notisi. Gemu inakutangazia: ndugu, umebakiza muda huu, tafuta povu la hewa. Mahakamani tunaita taarifa ya kutosha. Watoto tunaita ule muziki wa kutisha.

Mnaona? Hawa watu kazi yao ilikuwa kukuua. Wangeweza kukuua vyovyote, kwani wao ndio wenye gemu, nani angewauliza? Lakini walijiwekea masharti. Mtego uonekane au utoe dalili. Uwe ule ule kwa kila mchezaji. Adhabu ilingane na kosa. Na uwezekane kupitika. Ukianguka unajilaumu mwenyewe, unasema "nimeruka mapema", halafu unataka kurudi. Gemu ya hila ukianguka unaitupa pedi.

Gemu za hila nazo zipo

Nisiwafiche, zipo. Mwaka 1986 huko Japani Nintendo walitoa mwendelezo wa Mario mgumu kupindukia. Ndani waliweka uyoga wa sumu. Uyoga kwenye Mario tunaujua, ndio unaokukuza. Huu unafanana nao kwa umbo, ukiukimbilia kwa furaha unakudhuru. Waliweka pia njia za mkato ambazo badala ya kukupeleka mbele zinakurudisha nyuma: umehangaika mpaka dunia ya tatu, unaingia kwenye bomba, unajikuta dunia ya kwanza. Ofisi yao ya Marekani iliona hii itawaudhi wateja, wakawapa watu wa kule gemu nyingine kabisa kwa jina hilo hilo, na ile ya Japani ikaja kutoka nje miaka ya tisini.

Na mwaka 2007 ikatoka I Wanna Be the Guy, ambayo imetengenezwa makusudi iwe ya hila. Tufaha linaanguka kutoka mtini linakuua. Ukishajihami na yanayoanguka chini, lingine linaangukia juu. Lakini huo ni utani kati ya mtunzi na mchezaji. Mchezaji anajua anachezewa, gemu ni ya bure, na akifa anarudi mara elfu. Hapotezi televisheni.

Halafu kuna jambo moja ambalo nilipolisoma nilisimama. Mwaka 2015 Nintendo walitoa Super Mario Maker, inayomruhusu mtu yeyote kutunga steji yake na kuwarushia wengine wacheze. Walijua watu watajaza miiba kila mahali. Dawa waliyoweka ni hii: huwezi kuwatangazia wengine steji yako mpaka wewe mwenyewe uicheze, uanze mwanzo ufike mwisho. Ukishindwa kupita kwenye mitego yako, steji inabaki kwako.

Hebu fikirini kanuni hiyo ikiwekwa kwenye ofisi zetu. Aliyetunga fomu ya kurasa nane aijaze kwanza yeye, kwa kalamu, asubuhi moja, bila kufuta. Aliyesema kibali kinapatikana kwa siku saba akapange foleni yeye.

Tunarudi bandani

Profesa mmoja wa Marekani, Lon Fuller, mwaka 1964 alitoa kitabu kuhusu maadili ya sheria, na wanafunzi wa sheria wengi tunakutana naye. Alimtunga mfalme aitwaye Rex anayetaka kutunga sheria na anashindwa kwa njia nane. Mara hana kanuni kabisa, anaamua tu. Mara anazo lakini anazificha. Mara anamhukumu mtu kwa kosa lililotungwa baadaye. Mara kanuni hazieleweki, au zinapingana, au zinadai jambo lisilowezekana, au zinabadilishwa kila siku. Na mwisho kanuni zipo zimeandikwa vizuri, lakini watekelezaji wanafanya mengine. Fuller anasema ukifeli hata moja kabisa kabisa, ulichonacho si sheria mbaya. Si sheria.

Mimi nilipomsoma niliona huyu mzee anazungumzia mashimo na miiba.

Katiba yetu ya 1977 inakubaliana naye. Ibara ya 13(6) inasema haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo asikilizwe kikamilifu na awe na haki ya kukata rufani. Hiyo hiyo inakataza kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho alipokifanya hakikuwa kosa kisheria. Tena ni "mahakama au chombo kingine", kwa hiyo ofisi yenye meza moja na kiti kibovu nayo imo.

Na sheria ndogo nazo zina safari yake. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, halmashauri ya wilaya yoyote ikitaka kutunga sheria ndogo inatakiwa iwape wananchi taarifa, wapate nafasi ya kutoa maoni, ipate idhini ya waziri, ndipo itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Ya kijiji inapita kwenye mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kila hatua hapo ina maana moja: shimo lionekane kabla mtu hajaruka.

Kwa hiyo rafiki yangu mwenye banda alikuwa anauliza swali halali kuliko yote. Sheria ipi? Inawezekana kabisa ipo. Inawezekana inasema mabanda ya gemu yasifunguliwe saa za shule, na kama ndivyo mimi naiunga mkono, nitaeleza. Lakini aliyekuja na gari hakuionyesha, aliyepokea faini hakuitaja, na karatasi hakuna. Hapo hata kama sheria ipo, kwa yule kijana ni sawa na haipo. Kesho hawezi kujirekebisha, kwa sababu hajui alikosea wapi. Afunge saa ngapi? Apunguze sauti? Akate leseni nyingine? Na mwenye banda wa jirani aliyekuwa amekaa benchini anaangalia, yeye kajifunza nini? Kajifunza kitu kimoja tu, kwamba watu wa gari wakija uwe na 50,000.

Na hiyo 50,000 kwake ni laifu. Mtaji wake wote ni zile televisheni mbili, na mashine aliyoinunua Tunduma baada ya misimu miwili ya kuchuma kahawa za watu. Mwenye maduka matatu Vwawa angelipa, akasahau.

Wanaosema gemu zinaharibu watoto

Hili nalisikia, na sitaki kulikwepa, maana kwetu hata mama yangu yuko upande huo. Watoto wanatoroka shule. Watoto wanaiba hela ya sukari. Ni kweli, nimewaona. Mdogo wangu mwenyewe nimewahi kumkuta bandani saa nne asubuhi siku ya shule, na alichokipata nyumbani anakijua yeye.

Lakini naomba tutofautishe vitu viwili vinavyochanganywa makusudi. Kuna banda la gemu na kuna dubwi, ile mashine ya kudumbukiza sarafu ambayo siku hizi unaikuta mpaka kwenye vibanda vya vinywaji. Mario ana mashimo, ila ukirudia mara kumi unakuwa hodari. Dubwi ukirudia mara kumi, ya kumi na moja ni kama ya kwanza. Hakuna cha kujifunza humo, imepangwa mwenye mashine apate. Benchi la dubwi halifundishi mtu. Na sheria ya michezo ya kubahatisha hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo. Sheria hiyo inajulikana na imeandikwa. Sasa hapa kwetu ninayaona madubwi yanaimba mchana kweupe, watoto wa sare wamesimama mbele, na lile gari sijaliona likiyabeba.

Kwa hiyo wazazi, mimi niko nanyi. Banda lisifunguliwe saa za masomo. Mtoto wa sare asiingie. Saa mbili usiku lifungwe. Liandikwe hilo, lijadiliwe kijijini, libandikwe mlangoni pa banda kwa maandishi makubwa ya Kiswahili. Atakayevunja aadhibiwe kwa kiasi kilichoandikwa. Huo utakuwa mwiba mkali na wa haki.

Banda ni dogo, steji ni ndefu

Wale wa siasa mnaosoma ukurasa huu mmeshajua ninaelekea wapi, na sitawachosha. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 wagombea wengi sana wa upinzani walienguliwa nchi nzima, na sababu iliyotajwa mara nyingi ilikuwa makosa ya kujaza fomu. Vyama kadhaa vikajitoa, na chama tawala kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Kosa la kujaza fomu ni gogo la Pitfall. Mtu arudishiwe fomu, aambiwe rekebisha hapa, apoteze nusu siku. Lakini lile gogo lilifanywa mamba.

Na Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mgombea urais akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Hiyo angalau imeandikwa, inaonekana, hatuwezi kusema tulifichwa. Tatizo lake ni lingine: haipitiki. Ukuta ukiwa mrefu kuliko mruko wa mtu yeyote, hata uupake rangi ya kung'aa, huo si mtihani tena.

Nasema haya na sisi wenyewe tukijitazama. Ndani ya vyama vyetu, fomu za kugombea uongozi wa vijana zinatoka lini, ada kiasi gani, nani anaweza kukata rufani na kwa nani? Tukiyaficha haya tukisema ni mambo ya ndani, hatuna mdomo wa kumuuliza mwingine sheria ipi. Kanuni ya kucheza steji yako mwenyewe kwanza ianzie kwetu.

Tufanye nini

Mimi si mwanasheria bado, ni mwanafunzi. Lakini haya manne hayahitaji wigi.

La kwanza, tukiwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, tuombe sheria ndogo zote zinazotumika kijijini zisomwe na zibandikwe kwenye ubao. Si kwa ugomvi. Kwa heshima kabisa: "Mwenyekiti, tunaomba kuziona ili tuzifuate."

La pili, zibandikwe kwa Kiswahili. Tangu 2021 sheria ya nchi inasema lugha ya sheria ni Kiswahili. Shimo lililoandikwa kwa Kiingereza, kwa mama anayeuza ndizi Mlowo, ni shimo lililofunikwa majani.

La tatu, mtu asikubali kitu chake kubebwa bila karatasi inayosema sheria gani, kifungu gani, vitu gani vimechukuliwa, na pa kulalamikia ni wapi. Na faini ilipwe kwa namba ya malipo ya Serikali, yenye risiti. Mtandao ukisumbua, tusubiri mtandao.

La nne ni la benchi. Aliyeanguka asimulie. Wengi wetu tukitozwa tunanyamaza kwa aibu, tunalipa na kuondoka. Mwenzako anayekuja nyuma anaanguka pale pale. Andika tarehe, andika kiasi, andika ulichoambiwa, hata kwenye daftari la mtoto.

Sisi tumeanza. Tumeandika barua ya ukurasa mmoja, mimi nikishika kalamu na mwenye banda akisema. Tumeuliza maswali matatu tu: ni sheria ipi, kifungu kipi, na risiti iko wapi. Tumepeleka nakala mbili, moja imegongwa mhuri wa kupokelewa na tumerudi nayo. Leo ina siku ya kumi na mbili.

Banda limefunguliwa tena kwa televisheni moja. Jana jioni nilipita, nikakaa benchini na watoto. Mdogo wangu alikuwa kwenye ngome ya kwanza, kwenye fimbo za moto. Akasimama, akazihesabu zikizunguka, akaruka, akapita. Kisha akageuka akaniuliza kama wale wa gari watarudi. Nikamwambia sijui.

Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kujua fimbo ya moto itakuwa wapi baada ya sekunde mbili. Hajui kama kesho banda litakuwepo, na dada yake anayesoma sheria naye hajui. Barua ikijibiwa, jibu nitaliweka hapa hapa. Isipojibiwa, tutakwenda kuuliza kwenye mkutano wa kijiji, na daftari mkononi.